Mzigo ukiharibikia kwenye basi la Dar, usiishie kugombana stendi

Natuma korosho zilizobanguliwa Dar kwa mabasi ya alfajiri kutoka Mkanaledi, stendi ya Mtwara, basi ugomvi wa buti naujua. Kondakta anamsukumia wakala, wakala anamsukumia dereva, dereva hapokei simu. Kelele hazijamlipa mtu. Kinacholipa ni karatasi.

Kwa hiyo kazi inaanza gari halijaondoka. Dai stakabadhi inayotaja kilichomo, uzito na thamani. Wakala akiandika "boksi 1" tu, mrudishie. Boksi la nini, korosho nzima au nguo kuukuu? Piga picha mzigo ukiwa mlangoni mwa buti, namba ya gari ionekane. Anayekupokelea Dar aufungue palepale mbele ya wakala, asiupeleke nyumbani kwanza. Boksi langu moja lilifika limelowa dizeli; bila picha ya Mtwara na ya Dar, wangesema nililipakia hivyohivyo.

Hasara ikitokea, anza na kampuni yenyewe. Waandikie tarehe, namba ya stakabadhi, kilichoharibika na kiasi unachodai kwa shilingi. Hayo mambo ya "naomba mnifikirie" yaache. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakigoma, watumie picha ya barua kwa WhatsApp ya ofisi yao, ushahidi utabaki. Na yale maandishi ya nyuma ya tiketi kwamba mzigo ni juu ya mwenyewe yasikutishe, hayakuzuii kulalamika.

Wakikaa kimya, nenda LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Mtwara wana ofisi, na Lindi pia. Wakili si lazima. Kama kuandika kunakupa shida, lipo baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji wa usafiri. Mtaitwa nyote wawili, na suluhu ndiyo hujaribiwa mwanzo. Hapo njoo na risiti ulizonunulia mali, maana utaulizwa bei umeitoa wapi. Mimi wakitoa robo tatu ya ninachodai na wanalipa siku hiyo, nachukua. Ahadi ya mwezi ujao siipokei mpaka iandikwe na kusainiwa.

Usiporidhika na uamuzi, omba nakala yake mara moja kwani muda wa rufaa ni mfupi. Rufaa inakwenda Baraza la Ushindani, lililoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu, na likishaamua, ndiyo mwisho. Kwa boksi moja sifiki huko. Kwa fuso nzima ningefika.

Kama shida yako si basi, usipange foleni LATRA. Maji, umeme na mafuta ni EWURA. Simu na vifurushi ni TCRA, na rufaa za hao wawili nazo huenda Baraza hilohilo. Benki ikikukata hela kisha ikakupuuza, Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara. Bidhaa feki peleka FCC, yaani Tume ya Ushindani, na usiitupe paketi yake.