Kupima msitu kwa picha za setilaiti

Mimi huanza na swali, si picha: msitu umepungua wapi? Kwa kazi hiyo picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinatosha. Ni za bure, na bendi tutakazotumia (kila bendi ni picha ya aina moja ya mwanga) zina pikseli za mita 10.

Chagua picha mbili za mwezi uleule, miaka tofauti. Hapa ndipo wengi huharibu: wanalinganisha masika na kiangazi, wanatangaza ukataji miti, kumbe majani yamepukutika tu.

Zifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, na kwenye kikokotoo chake cha rasta (kinachokokotoa pikseli kwa pikseli) andika, kwa kila picha, (B8 − B4) / (B8 + B4). B4 ni mwanga mwekundu, ambao jani huumeza. B8 ni infraredi ya karibu, ambayo jani lenye afya huirudisha kwa wingi. Jibu, yaani kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI, huwa kati ya −1 na 1: maji kwa kawaida chini ya sifuri, udongo mtupu juu yake kidogo, msitu mnene mara nyingi zaidi ya 0.6. Angalizo (hili halisemwi vya kutosha): picha zilizochakatwa kwa toleo 04.00 na kuendelea, lililoanza Januari 2022, zina 1000 ya ziada kwenye thamani za kila bendi. Iondoe kabla ya kukokotoa.

Kisha toa matokeo ya zamani kutoka kwenye mapya. Penye hasi kubwa pana jambo, ila futa kwanza mawingu na vivuli vyake. Mawingu yakigoma kuondoka, hamia rada ya setilaiti za Sentinel-1, inayopenya mawingu. Madoa yaliyobaki yarushie droni, au nenda mwenyewe na GPS.