SOMO: Soma namba ya toleo la NumPy kabla hujasasisha

Wakuu, wengi wetu tunasasisha maktaba kwa mazoea. Unaandika amri, unabonyeza enta, kesho programu imegoma. Mara nyingi namba ya toleo ilishakuonya. Leo tuisome kwa kutumia NumPy, maktaba huria ya hesabu kwenye Python.

Hatua ya 1. Andika `pip show numpy` uone uliyonayo (pip ni programu ya kusakinisha vifurushi, yaani maktaba za Python). Tuseme ni 1.26.4.

Hatua ya 2. Itenganishe kwenye nukta. Hii si desimali: 1.10 ni mpya kuliko 1.9.

Hatua ya 3. Jua kila namba inaahidi nini. Kwa utaratibu uliozoeleka, ya tatu ikipanda, kasoro zimerekebishwa. Ya pili ikipanda, vimeongezwa vitu vipya na vya zamani vipo palepale. Ya kwanza ikipanda, kuna kitu kimebadilishwa kiasi cha kuvunja msimbo wa zamani.

Hapa naomba mtulie, maana NumPy haiufuati utaratibu huo moja kwa moja. Jina `np.int` (`np` ni kifupi cha NumPy kwenye msimbo) lilianza kutolewa onyo kwenye 1.20, Januari 2021, likaondolewa kwenye 1.24, Desemba 2022. Namba ya kwanza ilibaki 1, lakini msimbo uliolitumia ukakwama. Sioni kama walitukosea, kwa sababu onyo lilikaa karibu miaka miwili. Ukiona neno `DeprecationWarning`, yaani onyo kwamba kitu kitaondolewa baadaye, kwenye skrini, lishughulikie siku hiyohiyo.

Kisha Juni 2024 ikaja 2.0.0. `np.NaN` ikaondoka, sasa ni `np.nan`; `np.float_` nayo ikaondoka, tumia `np.float64`. Hayo unayarekebisha kwa dakika chache. Kazi ipo kwa vifurushi vilivyokompailiwa (vilivyogeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa NumPy 1: vingine vinagoma kabisa vikikutana na 2. Msimbo wako unaweza kuwa safi na bado ukaangushwa na kifurushi cha mwingine.

Hatua ya 4. Weka mpaka kwenye `requirements.txt`, faili linaloorodhesha maktaba ambazo programu yako inahitaji:

`numpy>=1.26,<2`

Ukitaka marekebisho ya kasoro peke yake, andika `numpy~=1.26.4`.

Hatua ya 5. Tengeneza mazingira ya pembeni kwa `python -m venv jaribio`, sakinisha toleo jipya humo, endesha majaribio yako yote. Yakipita, ondoa mpaka.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini nisiandike tu `numpy==1.26.4` nikatulia?*

Kwa programu unayoiendesha mwenyewe, ni sawa kabisa. Kwa maktaba unayowapa wengine, usifanye hivyo. Mtu akiwa na kifurushi kingine kinachodai 1.26.2, pip itashindwa kuvipatanisha, naye ataiacha maktaba yako.

*Niliona 2.0.0rc1. Hiyo rc ni kitu gani?*

Ni toleo linalotangulia lile kamili, ili watu walijaribu. Pip haikuletei mpaka uongeze `--pre`. Kama maktaba yako inategemea NumPy, lijaribu mapema na uripoti kasoro, kwa sababu bado kuna muda wa kuirekebisha.

*Shukrani kwa somo. Maktaba yangu ya kwanza nimeipa 0.3.0, nimekosea?*

Hujakosea, dada. Sifuri mbele inawaambia watu kwamba lolote linaweza kubadilika. Ila kama tayari kuna wanaoitegemea kazini kila siku, ipe 1.0.0.