Jinsi ya Kusajili Jina la Bia Bila Kugongana na Kiwanda Kingine

Fomu ya kuomba alama ya biashara haina ugumu: mwombaji, anwani, alama, orodha ya bidhaa, ada. Kinachokula muda na fedha ni kazi inayotangulia fomu, yaani kuhakikisha kwamba jina ulilolipenda haliko tayari kwenye chupa ya mtu mwingine. Sisi, kiwanda kidogo cha bia, pingamizi lilitukuta lebo zimeshachapishwa. Jina la waliotupinga lilitofautiana na letu kwa herufi kadhaa, lakini ukiyatamka yote mawili huoni tofauti.

Hakuna aliyeiba. Viwanda vidogo vya bia ni vingi mno, Marekani peke yake ina zaidi ya 9,000, na kila kimoja hutoa bia mpya mwaka mzima. Wote tunachota majina kisima kimoja: wanyama, mito, mashetani, watakatifu, na michezo ya maneno juu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Kugongana ni lazima kutokee.

Kwanza, chuja jina lenyewe. Neno linaloeleza bia tu, kama rangi yake, ladha yake au aina yake, kwa kawaida msajili atalikataa, kwa kuwa kila mtengenezaji ana haki ya kulitumia. Pilsner, stout na porter ni aina za bia, si mali ya mtu. Jina la mahali nalo huleta maswali.

Halafu tafuta, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Anza na daftari la msajili wa nchi utakayouza, kisha Global Brand Database ya WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, ambayo ni ya bure na inakusanya alama za nchi nyingi. Usiishie kuandika jina lako lilivyo. Andika kila tahajia inayotoa sauti ileile, kwa sababu bia huagizwa kwa mdomo, mara nyingi kwenye kelele, na mkaguzi wa ofisi ya msajili anazingatia hilo. Tafuta pia maana: ukitaka kuiita bia yako Bundi wa Usiku, mwenye Bundi wa Giza ana hoja ya kukupinga. Neno kuu likifanana, kuongeza “Ale” au “Lager” mbele yake hakukuokoi.

Bia iko daraja la 32 katika mpangilio wa Nice, mfumo wa kimataifa unaogawa bidhaa na huduma kwa madaraja. Wengi hutafuta humo tu na kufunga kompyuta. Fungua na daraja la 33, lenye divai na pombe kali, maana huko Marekani, kwa mfano, wakaguzi mara nyingi huziona bia na divai kuwa bidhaa zinazohusiana. Pitia na la 43, la baa na mikahawa.

Bado hujamaliza. Katika nchi kadhaa, aliyetangulia kutumia jina sokoni ana haki hata kama hakulisajili. Kwa hiyo pekua Untappd, ambako wanywaji huorodhesha bia wanazokunywa, na daftari la wazi la lebo zilizoidhinishwa na TTB, mamlaka ya vileo ya Marekani. Ila lielewe vizuri daftari hilo: idhini ya lebo si haki ya jina. Mamlaka ya vileo hukagua yanayotakiwa kuandikwa kwenye lebo, haikulindii jina.

Ukikuta jina lako lina mwenyewe, mpigie simu mwenye kiwanda kabla ya kumtafuta wakili. Avery na Russian River, viwanda viwili vya bia vya Marekani, waligundua kwamba kila mmoja alikuwa na bia iitwayo Salvation. Badala ya kwenda mahakamani walizichanganya bia hizo mbili, na mwaka 2006 wakaitoa kwa jina Collaboration Not Litigation. Huo ndio moyo wa kazi hii ninaoupenda. Mkikubaliana kutumia majina yanayokaribiana, andikeni mkataba unaosema nani anauza wapi na lebo zitatofautianaje, kisha muulize msajili kama anaupokea, maana si kila nchi inaukubali.

Kuwasilisha ombi ni kazi ya siku moja. Omba neno tupu kwanza, nembo baadaye, ili ukibadilisha mchoro jina libaki na ulinzi. Kama unalenga nchi nyingine, Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 tangu ombi la kwanza kuomba kwingine na bado uhesabiwe tarehe ya ombi hilo la kwanza.

Ombi likitangazwa, dirisha la pingamizi hufunguka: siku 30 Marekani, miezi 2 Uingereza, miezi 3 Umoja wa Ulaya, na wakati mwingine huongezwa. Usichapishe lebo nyingi kabla halijafungwa. Kama ni lazima uuze, chapa vibandiko vichache vya kubandika kwa mkono kwenye makopo yasiyochapishwa kitu, na utunze ankara ya mauzo ya kwanza yenye tarehe, kwa sababu ndiyo utakayoombwa siku mtu atakapodai kwamba alikutangulia.