Somo: Jinsi ya kupima grafini yenye chembe nano za sumaku

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja; magnetaiti ni oksidi ya chuma yenye usumaku. Wengi wakiona unga wa viwili hivyo unakimbilia sumaku, husema grafini imegeuka sumaku. Hapana. Kinachovutwa ni magnetaiti. Grafini imeburutwa tu. Grafini safi husukumwa na sumaku, tena kwa nguvu ndogo mno. Ukitaka kujua kama elektroni zake zimeguswa kweli na sumaku ya jirani, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Pima grafini ikiwa tupu. Ilaze juu ya oksidi ya silikoni, unganisha elektrodi, kisha badilisha volti ya geti (elektrodi ya chini ya oksidi, inayoongeza au kupunguza elektroni za grafini) huku ukisoma ukinzani. Ukinzani utapanda hadi kilele, ndiyo nukta ya Dirac, pale vibeba chaji vya grafini ni vichache zaidi. Andika volti yake. Nasisitiza, kwa sababu hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Dondoshea chembe nano za magnetaiti, acha zikauke.

Hatua ya 3: Pima tena, bado bila uga wa sumaku. Kilele kitakuwa kimehama. Kikielekea volti chanya, grafini imepoteza elektroni. Huo ni uhamisho wa chaji. Hata dhahabu, isiyo sumaku, huweza kuuleta.

Hatua ya 4: Washa uga, soma ukinzani. Rudia yote kwa kipande kingine chenye chembe zisizo za sumaku, za ukubwa uleule. Grafini tupu nayo hubadili ukinzani ndani ya uga, hivyo tofauti ya vipande hivyo viwili ndiyo ya kuangalia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, chembe zangu ni za nanomita 10. Mbona uga ukizimwa usumaku unapotea?

Jibu: Kwa udogo huo, joto la chumba linatosha kupindua mwelekeo wa sumaku ya kila chembe. Poza sampuli, ikifika baridi ya kutosha, mwelekeo hukwama.

Swali: Usumaku kwa gramu umeshuka sana. Nimeharibu?

Jibu: Si lazima. Umepima na uzito wa grafini. Gawanya kwa uzito wa magnetaiti peke yake, kisha ulinganishe na emu 92 hivi kwa gramu (emu ni kizio cha usumaku) za magnetaiti ya kawaida. Bado itapungua kidogo, maana spini (visumaku vidogo vya elektroni) za juu ya uso wa chembe hazijipangi vizuri.

Swali: Zangu zimepakwa asidi ya oleiki. Kuna shida?

Jibu: Ipo, ndugu. Spini huathiriana moja kwa moja pale atomu zinapokaribia kugusana. Mafuta hayo hutenganisha chembe na grafini, unabaki na uga unaovuja tu kutoka kwenye chembe.