Kuzuia mzunguko kati ya swichi: mzizi uchague mwenyewe

Ofisi yenye majengo mawili Bukavu, moja Ibanda na jingine Kadutu, ikiwa na fiba na antena za redio za akiba juu ya paa, tayari ina mzunguko, yaani njia mbili kati ya swichi zilezile. Fremu ya Etheneti haina TTL (kihesabu kinachoifuta pakiti baada ya hatua kadhaa) kama pakiti ya IP, kwa hiyo haichoki: ombi moja la ARP (swali la kutafuta anwani ya kifaa, linalotumwa kwa wote) linazunguka na kuzaliana mpaka taa za milango yote zinapepesa kwa pamoja na mtandao unalala.

Washa RSTP kwenye kila swichi; ni toleo la haraka la STP, itifaki inayofunga njia ya ziada mpaka ihitajike. Kwa Cisco: `spanning-tree mode rapid-pvst`. STP ya zamani hukaa sekunde 30 hadi 50 kabla ya kufungua njia ya akiba.

Kisha mzizi, swichi ambayo nyingine zote hupima njia kuelekea kwake. Swichi zote hutoka kiwandani na kipaumbele 32768 (namba ndogo ndiyo hushinda), na zikilingana hushinda yenye MAC, yaani anwani ya kiwandani, ndogo, mara nyingi ile kuukuu kuliko zote. Andika `spanning-tree vlan 1,10 priority 4096` (1 na 10 ni namba za VLAN, mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi) kwenye swichi kuu, na 8192 kwenye ya pili. Swichi kuu iwe kwenye betri. Isipokuwa hivyo, kila umeme ukikatika mzizi unahama, na ukirudi unahama tena.

Redio ndiyo inayowasumbua wengi. Mlango wa antena ni wa gigabiti, basi RSTP huupa gharama 20000 (ndogo ndiyo hupendelewa) sawa na fiba, hata kama hewani zinapita megabiti 100 tu. Weka 200000 kwa mkono, kwenye swichi iliyo mbali na mzizi, maana huko ndiko gharama inakohesabiwa. (Cisco huhitaji kwanza `spanning-tree pathcost method long` kila mahali.) Hakikisha pia antena zinapitisha BPDU, ujumbe ambao swichi hutumiana ili kugundua mzunguko; zikizimeza, kila upande wa redio utadhani uko peke yake na mzunguko hautafungwa.

Milango ya kompyuta ipewe `spanning-tree portfast` (mlango ufunguke mara moja bila kusubiri) na `spanning-tree bpduguard enable` (mlango uzimwe ukipokea BPDU). Portfast usiiweke kamwe kati ya swichi mbili. Kuna viswichi vya bei rahisi chini ya meza ambavyo humeza BPDU. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo humo, bpduguard haioni kitu. Kwa milango hiyo ongeza `storm-control broadcast level 1`, inayowekea kikomo fremu zinazotumwa kwa wote.

Mwisho, `show spanning-tree`: swichi zote zitaje mzizi mmoja, na mlango wa redio kwenye swichi iliyo mbali na mzizi uonyeshe Altn BLK, yaani njia ya akiba iliyofungwa. Chomoa fiba watu wakiwa wametoka kula, huku ping inaendelea. Zikipotea pakiti zaidi ya chache, tafuta swichi iliyobaki kwenye STP ya zamani.