Namna ya Kujikinga na Joto Kali la Kiangazi

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini kinachoupoza ni kukauka kwa jasho hilo juu ya ngozi, si kutoka kwake. Ndiyo maana siku yenye unyevu mwingi hewani huwa ya hatari hata kama kipimajoto hakijapanda sana: jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki ndani ya mwili.

Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima bila kungoja kiu. Mkojo wa manjano iliyopauka unaonyesha kwamba maji yanatosha; ukikolea, ongeza. Kazi nzito za nje zifanywe alfajiri. Madirisha yanayopigwa na jua yafunikwe kwa pazia mchana, kisha yafunguliwe usiku, hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani. Feni husaidia, ila hewa ikizidi nyuzijoto 40 feni huuongezea mwili joto, hivyo ni afadhali kuoga au kujifuta kwa kitambaa kilicholowa. Mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa, hata kwa dakika chache, hata vioo vikiwa vimeshushwa kidogo.

Wazee ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kiu yao huchelewa na baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini (wasiziache bila kumwuliza daktari). Joto la mwaka 2003 liliua makumi ya maelfu ya watu barani Ulaya, wengi wao wazee. Kwa hiyo usitosheke na kumpigia simu mzee anayeishi peke yake. Nenda ukamwone, uguse ngozi yake, na usikilize kama maneno yake yanafuatana.

Mtu akianza kuropokwa, kuyumba au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka moto, huenda amepatwa na kiharusi cha joto, na hicho huua hata kama bado anatoka jasho. Mwite mhudumu wa dharura, lakini usimsubiri ndipo uanze kumpoza mgonjwa. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mmwagie maji baridi mwili mzima huku ukimpepea, na umwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Dawa za kushusha homa hazifai hapa. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote, maana maji yanaweza kumpalia. Mlaze kwa ubavu na uendelee kumpoza mpaka msaada ufike.