PhD ya sandwichi kati ya Tanzania na Uswidi: masharti ya kuyajua kabla hujaanza kukusanya data

Wadau, vijana wengi waliomaliza masta ya afya wananiuliza hii kitu, hasa wanaotaka kufanya utafiti wa kushirikiana kati ya chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) na vyuo vya Uswidi, nikaona niandike yote sehemu moja.

Cha kwanza uliza cheti kitatoka wapi. Neno sandwichi watu wanalitumia kwa vitu viwili tofauti, kuna anayesajiliwa Karolinska au Umeå au Uppsala halafu data anakusanya huku nyumbani, huyo digrii yake ya Uswidi na masharti ya kuhitimu ni ya kule, na kuna anayesajiliwa MUHAS ila ana supavaiza Mswidi na kila mwaka anaenda kule miezi michache kusoma kozi na kuandika, huyu anafuata masharti ya MUHAS. Nimeona mtu anafukuzia masharti ya chuo ambacho hakitampa cheti, mwaka mzima umeenda. Hapa naongelea zaidi ile ya kwanza.

PhD ya Uswidi ni krediti 240, yaani miaka minne ukisoma muda wote, na wiki moja ni krediti 1.5. Karolinska wanataka angalau krediti 30 za kozi, piga hesabu ni wiki 20, zilizobaki zote ni utafiti na tasnifu. Wiki 20 zinaonekana chache lakini kumbuka wewe uko kule vipande vipande, kozi ya takwimu unayoihitaji inaweza kutolewa mwezi ambao uko Kisarawe unafuatilia wajawazito, kwa hiyo angalia kalenda ya kozi kwanza ndo ukate tiketi. Na kama kuna kozi ulishasoma ngazi ya juu unaweza kuomba ihesabiwe, ila beba transkripti pamoja na maelezo ya kozi yenyewe, transkripti peke yake haiwaambii ulisoma nini.

Supavaiza lazima wawe wasiopungua wawili na mmoja ndo mkuu. Mnaandika mpango wa masomo wa kwako binafsi na unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Watu wanauchukulia kama fomu tu, mimi naomba usifanye hivyo, kama umeme au mvua au mgomo umekuchelewesha uandike humo, maana ndo karatasi itakayokutetea ukiomba muda wa ziada.

Sasa vibali, hapa ndo watu wanalia. Utafiti wa afya Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), pamoja na cha chuo chako, na wenzako wa kigeni wanaokuja kushiriki wanahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, unahuisha, na ripoti ya maendeleo inatakiwa kila miezi sita. Mimi nilichelewa kuhuisha, nikasimamisha kukusanya data wiki saba nzima, wasaidizi wangu wa utafiti wako kituo cha afya wanasubiri na posho inakimbia, iliniuma sana na kosa lilikuwa langu kabisa. Weka alamu kwenye simu miezi mitatu kabla. Sampuli za damu zikienda kupimwa Stockholm lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli, uanze kuuandaa siku ileile unayoandika propozo. Halafu kuna sharti watu hawalisomi ingawa liko kwenye cheti chenyewe cha kibali, kuchapisha matokeo nako kunaombewa ruhusa NIMR, kwa hiyo kwenye ratiba ya kila makala ongeza muda wa hiyo ruhusa.

Tasnifu kule mara nyingi ni mkusanyiko wa makala tatu au nne hivi, mbele yake unaandika sura ya kuziunganisha ambayo Waswidi wanaiita kappa, maana yake koti. Kukubaliana nani atakuwa mwandishi wa kwanza kufanyike mapema na kwa imeili, supavaiza wote wawili wakiwemo, naomba sana hili, ukimya wa heshima kwa wakubwa umewagharimu wengi makala zao. Katikati ya safari kuna tathmini, unaeleza ulichofanya mbele ya kamati, pale sema ukweli kuhusu data zilizokwama maana bado kuna muda wa kubadilisha mpango.

Kudifendi ni hadharani, yeyote anaingia, mama yako pia. Wiki tatu kabla tasnifu inatangazwa na vyuo vingi bado wanaigongelea ubaoni kwa msumari kweli kweli. Siku yenyewe mpinzani aliyealikwa kutoka nje anakuhoji kwa kina, kisha kamati ya watu watatu au watano inakaa, na jibu ni kufaulu au kufeli, hakuna A wala B. Tarehe usiipange kabla hujahesabu siku za kibali cha kukaa Uswidi, za kuprinti, na za kamati kusoma.

Ukisharudi, peleka nakala za makala NIMR na wizarani, na nyingine upeleke kwa mganga mkuu wa wilaya uliyokusanya data, ukae nae umweleze kwa Kiswahili mlichokikuta kwa wagonjwa wake.